Ndege waje wenyewe bustanini: nilivyofanya kwenye plot ya 20 kwa 20 hapa Moshi

Nianze na kosa langu maana naliona kwenye nyumba nyingi mpya huku Moshi. Tulipohamia kwetu, plot ilikuwa na migomba mitatu ya zamani, mforosadi mmoja na kichaka kikubwa pale kwenye kona ya fensi. Fundi akasema toeni vyote mazingira yawe masafi, tukang'oa, tukamwaga pevingi mpaka getini, sehemu iliyobaki tukapanda ukoka na ile miti inayokatwa duara. Kwa kweli ilipendeza. Baada ya kama miezi mitatu mama akaja kutusalimia kutoka Kibosho, asubuhi akakaa barazani na chai yake, akaniuliza, "Mwanangu, mbona kwako kimya hivi?" Nikasikiliza. Bodaboda zilikuwepo, jenereta la jirani lilikuwepo, ndege hakuna, hata shomoro.

Ile kauli ilinikaa kichwani siku nyingi, maana mimi nimelelewa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, kule unaamshwa na ndege kabla hata jogoo hajamaliza. Nikaanza kujiuliza kihambani kwa bibi kulikuwa na nini ambacho kwangu hakipo, mbona hakuna mtu aliyekuwa anawalisha hao ndege wala kuwatengenezea vibanda.

Jibu liko kwenye namna kihamba kinavyopandwa. Juu kabisa kuna miti mirefu, mruka, mringaringa, msesewe ule ambao gome lake linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage na majani ya mbuzi, halafu pembeni masale yamezunguka mpaka. Yaani ni ghorofa nne za ndege. Hondohondo anakaa juu kabisa, chozi yuko kwenye ua la mgomba, wale wa kuimba wamejificha kwenye mibuni, na wa kuparua chini wanageuza majani makavu wakitafuta wadudu. Na mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita hapo hapo, maji yapo. Sasa wewe ukifyeka ghorofa zote ukabakiza ukoka na pevingi, ndege atakuja kufanya nini? Kwa hiyo nachoeleza hapa ni jinsi ya kurudisha kihamba kidogo mjini, hata kama una mita tano tu mbele ya nyumba. Chakula cha kuwawekea kinakuja mwisho, watu wengi wanaanza nacho halafu wanakata tamaa.

Maji kwanza. Hili unaweza kulifanya leo jioni na kesho kutwa ukaona matokeo, hasa Januari na Februari jua linapowaka, au kuanzia Agosti mpaka vuli ianze pale vumbi linapotawala. Chukua kile kisahani kikubwa cha udongo kinachokaa chini ya chungu cha maua, kinauzwa kwenye vitalu vya miche pembeni ya barabara, au mfuniko wa ndoo kama huna. Muhimu ni kina. Ndege wengi wa bustanini ni wadogo na hawaogelei, maji yawe sentimita 3 hadi 5 tu, na uweke jiwe katikati linalotokeza juu ya maji ili asimame akiwa na wasiwasi kabla hajaingia. Kisahani kiwe na ukwaruzo, plastiki laini wanateleza nayo wanaogopa. Kiweke juu ya matofali mawili matatu, karibu na mti wa kukimbilia ila sio ndani ya kichaka, acha kama mita mbili wazi ili paka akitokea aonekane.

Mimi niliongeza kidumu cha lita tano, nikakitoboa chini kwa sindano iliyopashwa moto, nikakitundika kwenye tawi juu ya kisahani kikawa kinadondosha tone moja moja. Ule mlio wa tone ndio unaowaita, ndege anausikia hata akiwa kwa jirani. Siku ya pili tu nilipata shorewanda wawili, wale wa kahawia wenye kichwa cheusi na njano chini ya mkia, mmoja anaoga mwingine yuko juu ya tawi analinda, wakimaliza wanabadilishana.

Ila maji yasikae. Yamwage na usugue kisahani kila baada ya siku mbili, zikizidi sana tatu. Mbu anahitaji kama wiki moja au zaidi kutoka yai mpaka kuruka, ukibadilisha mapema hapati nafasi, na huku tunajua malaria na homa ya dengi sio mchezo. Maji machafu pia yanaambukizana magonjwa wao kwa wao. Kama unasafiri, kipindue kabisa kisahani mpaka urudi.

Haya, tuje kwenye maua, hapa ndipo roho yangu ilipo. Ndege rahisi kuliko wote kumpata Moshi ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, dume linang'aa kijani na bluu na tumbo la njano, mwingine ana kifua chekundu, jike ni la kijivu kijivu tu unaweza kudhani ni ndege mwingine kabisa. Chozi anatafuta maji matamu ya ua, na ua analolipenda liko hapo hapo kwetu kihambani, ua la mgomba. Angalia vizuri ile pua ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu. Jani moja la juu linajikunja kurudi nyuma na chini yake kuna safu ya vijiua vyeupe vimekaa kama vidole vya mtoto, kila kimoja kina tone la maji mazito ukilamba ni tamu. Saa 1 asubuhi chozi anafika, anashika ukingo wa lile jani kwa kucha, kichwa chini, anaingiza mdomo kwenye kijiua kimoja kimoja kwa mpangilio kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, hakuna anachoruka. Kesho yake jani lingine linafunguka, naye anajua, anarudi.

Kwa hiyo kama una mgomba usikimbilie kukata lile ua. Isipokuwa jambo moja na nalisema kwa uzito: kama eneo lenu lina ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, kata ua mapema kwa kijiti chenye panda kama wataalamu wa kilimo wanavyoelekeza, maana wadudu wanaotembelea ua ndio wanaosambaza, na shamba la migomba likiisha hata ndege wanaisha.

Ukiacha mgomba, panda maua ya bomba, yaani marefu yenye shimo ndani, mekundu au ya chungwa. Shubiri za mwituni ni nzuri sana kwa sababu nyingi zinatoa maua kipindi cha baridi na ukame, wakati mengine yamelala, na hazihitaji kumwagiliwa. Yale maua ya chungwa yanayokaa duara duara kwenye bua moja refu, yanajiotea kando ya barabara na mashambani, wengine wanayaita magugu, chukua mbegu zake kavu umwage kona moja, hutajuta. Ule mti wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa nao ni karamu. Mgrivea ukiwa tayari upo usiukate, najua umetoka Australia, ila maua yake ya rangi ya dhahabu chozi anayashambulia kweli kweli. Lantana siwashauri hata kama ndege wanakula matunda yake, kwa sababu hao hao ndege wanapeleka mbegu mpaka malishoni na msituni na kule inakuwa balaa.

Watu wananiuliza kuhusu kuweka maji ya sukari kwenye chupa. Inawezekana, kijiko kimoja cha sukari nyeupe kwa vijiko vinne vya maji, bila rangi, bila asali kwa sababu asali inaota ukungu haraka, na chupa inaoshwa kila siku kwenye joto letu hili. Mimi niliacha. Chozi haishi kwa sukari peke yake, makinda wake anawalisha buibui na wadudu, na ua linaleta vyote viwili, chupa inaleta kimoja na sisimizi juu.

Matunda sitakaa sana. Mforosadi ni mfalme, nimepanda tena ule niliokata, umeanza kuzaa mapema tu na watoto wanagombania na ndege. Mpera, mpapai, vyote sawa, ila jiandae kugawana. Kuzumburu, wale wa kijivu wenye mkia mrefu kama panya wanaoning'inia kwa makundi, wakilijua papai lako hawatanii. Nilichofanya, papai la juu linaloanza kuiva nawaachia wao, yaliyobaki nayafunga gunia la kitunguu. Ukiwa na eneo kubwa, huko Uru, Kibosho au Machame, panda mkuyu, ila mbali na nyumba na shimo la choo maana mizizi yake haina adabu. Mkuyu ukizaa unaweza kupata hondohondo, wale weusi wakubwa wenye pembe juu ya mdomo wanaovuma mabawa kama feni wakipita, na ukibahatika shorobo, yule wa kijani ambaye akikaa humwoni ila akiruka mabawa yanafunguka mekundu kama damu. Ule wekundu una madini ya shaba ndani yake kabisa, sio mwanga unaocheza.

Sasa usafi. Hapa ndipo ninapogombana na watu wa nyumbani. Bustani iliyofagiliwa mpaka udongo unang'aa haina kitu cha kula. Chagua kona moja, hata mita mbili kwa mbili, iache. Majani makavu yabaki, nyasi zirefuke mpaka zitoe mbegu, tawi kavu lisimame. Nyasi zikitoa mbegu utawaona chiriku na vile vindege vidogo vya bluu ambavyo dume lake lina doa jekundu shavuni, vinapanda kwenye bua jembamba linalala navyo mpaka chini huku vinakula. Tawi kavu ni la kigong'ota. Chini ya majani makavu kuna minyoo na mende wadogo, na kwarara, yule anayepiga yowe alfajiri akipita juu ya mabati, atashuka kutoboa toboa ardhi kwa mdomo wake mrefu. Kama jirani analalamika unafuga nyoka, weka kona hiyo mbali na mlango na mbali na fensi yake, na kati yake na nyumba acha ukoka mfupi.

Fensi pia. Ukuta wa tofali kila mtu anao siku hizi, sawa, lakini pandishia kitu juu yake, au ndani yake panda mstari wa masale na vichaka vya kuchanganya. Ndege akija mara ya kwanza haji katikati ya uwanja, anakuja pembeni, anaangalia, ndio anasogea. Akikosa pa kujificha anapita moja kwa moja.

Dawa za kuua wadudu, tafadhali. Najua kantangaze anavyomaliza nyanya, nimelia nae. Ila ukipuliza bustani nzima umewanyima ndege chakula na pengine umewalisha sumu, kwa sababu mdudu anayeyumba kwa dawa ndiye rahisi kukamatwa. Kwenye mboga za nyumbani natumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, nachuja, napuliza jioni jua likizama. Na vidukari kwenye sukuma wiki nimewaachia wale vindege vya njano vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, wanakuja kundi zima, wanapita jani kwa jani juu na chini, dakika kumi wameondoka na wewe unaona tofauti.

Baada ya hayo yote ndio uweke meza ya chakula kama unataka. Ubao wa nusu mita kwa nusu mita, kingo ndogo pembeni, matundu ya maji ya mvua kutoka, juu ya nguzo ya mita 1.5, nguzo ipake grisi kwa ajili ya sisimizi. Ulezi na mtama wa sokoni Mbuyuni unatosha, au chenga za mchele. Weka nafaka ya kujaa kikombe kimoja cha chai asubuhi kabla ya saa 1, ikiisha basi, usijaze mara tatu kwa siku mpaka wakusahau kutafuta. Mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo, sumukuvu inayotudhuru sisi na kuku inawadhuru na wao. Mkate na mabaki yenye chumvi pia hapana. Na kama unafuga kuku, meza iwe mbali na banda na kuku wasiokote mabaki chini yake, maana kideri kinaweza kupita kati ya ndege wa porini na kuku. Kuku wapate chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi 3, hilo ungefanya hata bila ndege.

Sasa viota. Mwaka wa pili baada ya kupanda tena, masika, jike la chozi lilianza kujenga kwenye waya wa taa ya barazani, kichwani kwetu kabisa. Alikuwa anakuja na uzi wa buibui mdomoni, anauzungusha kwenye waya, anarudi na kipande cha jani kavu, anakigandisha, kama siku kumi hivi, mpaka kikawa kama kifuko kinachoning'inia na mlango pembeni na kakibaraza kadogo juu ya mlango wa kuzuia mvua. Dume halikushika hata jani moja, linaimba tu kwenye mgrivea. Tulizima ile taa mwezi mzima na nusu, wageni tukawapitisha mlango wa jikoni. Mayai mawili, wiki mbili kuatamia, kama wiki mbili nyingine makinda wakaruka. Ndio maana nasema utando wa buibui kwenye kona za baraza usifagie wote, kwake yeye ule ndio msumari na saruji. Na kupogoa miti fanya kipindi cha kiangazi, masika ikianza acha, na kabla ya kukata tawi lolote angalia juu kwanza.

Wanaowamaliza ndege ni watatu. Paka, ambaye dawa yake ni kumshibisha na kumfungia ndani alfajiri na jioni. Vioo vikubwa vya madirisha ya kisasa, ndege anaona mti ndani ya kioo anaruka mzima mzima, bandika vipande vya karatasi au chora mistari kwa sabuni upande wa nje, iwe karibu karibu kama upana wa kiganja. Wa tatu ni manati. Watoto usiwafukuze kwa ukali, waite. Mimi niliwaita watano wa mtaani, nikawakalisha barazani wimbo mzima wa kurumbiza asubuhi, yule anayeiga sauti za ndege wengine, nikawapa kazi ya kuhesabu anaiga wangapi. Manati sijaiona tena mtaani kwetu. Na wale wanaokamata ndege wa porini kuwauza kwenye vitundu, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, usiwanunue hata kwa huruma, ukinunua mmoja anaenda kukamata wawili.

Bundi najua ni mada nzito. Akilia juu ya bati watu wanasema kuna mtu anakufa, wanachukua mawe. Nimeishi na bundi kwenye mruka wa jirani miaka minne, na kilichokufa ni panya. Chini ya mti wake kuna vidonge vya kijivu, ukikipasua kimoja unakuta manyoya na mifupa na fuvu dogo la panya lenye meno yake yote, ndivyo anavyotema asichoweza kumeng'enya. Kama unaye, acha kabisa sumu ya panya, akila panya aliyekula sumu na yeye anaondoka.

La mwisho ambalo naulizwa sana, kinda ameanguka ufanyeje. Kama hana manyoya, mchukue kwa mkono umrudishe kiotani, mama yake hatamkataa kwa sababu umemshika, hayo ni maneno tu. Kama kiota hakifikiki, tafuta kopo dogo, litoboe chini, weka nyasi kavu, lifunge kwenye tawi karibu na kiota na umweke humo. Kama tayari ana manyoya na anaruka ruka chini, huyo yuko shule, anajifunza. Mfungie paka ndani, ondoka hapo, kaa mbali barazani uangalie, mara nyingi haipiti nusu saa utamwona mzazi anashuka na mdudu mdomoni.